Laptop Niliyoifungua Mwenyewe

Jumamosi, Masuguru

Imewaka! Bado nacheka peke yangu.

Fundi mmoja wa stendi alikuwa ameshaikatia tamaa. "Dada, hii imezeeka, tafuta nyingine," aliniambia, hata kuifungua hakuifungua. Lakini laptop hii niliyoinunua kutoka ofisi ya mkonge kule Ngombezi ndiyo imenilisha miaka yote ya kuchapa barua za watu. Wiki hii wateja walichoka kuisubiri iwake, wakawa wanaondoka.

Basi jana nikaifungua mwenyewe kwenye meza ya chakula, skrubu nikazipanga kwenye kisahani. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi na nyuzi za mkonge. Nikaisafisha kwa brashi, nikatoa diski ya zamani nikaweka SSD, diski mpya ya kasi, nikaongeza na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Nikivunja kitu hapo, kesho nafungua duka na nini?

Leo asubuhi akaja mzee mmoja wa Kwedizinga, mteja wangu wa siku nyingi. Kesi yake ya shamba inasikilizwa Jumatatu na maelezo yake yalikuwa bado hayajachapwa. Nikamwamkia, nikabonyeza kitufe cha kuiwasha laptop. Hajakaa vizuri kwenye kiti, imeshawaka. Kurasa nne, haikukwama hata mara moja, wala haikupata moto.

"Umenunua mpya, mwanangu?"

"Ni ileile, mzee. Nimeitengeneza mwenyewe."

Akanitazama mikono, akatabasamu. "Basi na redio yangu nitakuletea."

Redio sijawahi kufungua. Nimemwambia ailete.