Pikipiki Nzima, Shemeji Mgonjwa

Mpendwa Shangazi Hedwig,

Naomba msaada wako na naomba upesi, maana Jumamosi ya wiki ijayo dada yangu wa tumbo moja atapanda pikipiki nyuma ya mumewe, na mimi najua kwamba mumewe kwa sasa hafai kuendesha hata toroli, na nimeapa kutosema.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita, na tangu nistaafu mapenzi yangu ni pikipiki, na wenzangu wa safari ni wawili tu, shemeji yangu Lorne, ambaye ndiye mume wa dada yangu Marusia, na Gaston, mkulima wa dengu, ambaye pikipiki yake ina kigari cha pembeni anamokaa mbwa wake Bubul. Kila mwaka kabla ya mavuno tunakwenda milimani katika jimbo jirani la Alberta, tunalala kwenye mahema, tunakula maharage ya kopo, tunarudi tumekonda na tunanuka, na tunaona raha.

Mwaka huu tukiwa njiani kurudi Lorne alikuwa mbele kama kawaida yake, maana hawezi kumfuata mtu, nikaona anahama taratibu kuelekea mstari wa njano wa katikati ya barabara, nikadhani ni upepo, maana kwetu huku upepo ukikupiga ubavuni unaendesha umeinama kilomita hamsini, kisha akarudi kulia, akapitiliza, akaingia kwenye kokoto, akateremka mtaroni kwenye majani marefu na kusimama humo humo wima, injini inaunguruma, mikono imeng'ang'ania usukani. Tulipomfikia jasho lilikuwa linamtoka na midomo imekuwa myeupe.

"Mzee, ulikuwa unakwenda wapi?" Gaston akamuuliza.

"Kwani tumeshaupita ule mnara wa nafaka?" akasema Lorne.

Tulikuwa tumeupita dakika kumi nzima. Shangazi, ikabidi mimi ndiye nimzimie injini.

Tukampeleka zahanati ya mji wa karibu, muuguzi akambandika nyaya kifuani, akasema mapigo ya moyo yanarukaruka, akataka aitiwe gari la wagonjwa, Lorne akakataa na akatia saini kwamba amekataa, basi yule muuguzi akamwambia amwone daktari wa moyo wiki hiyo hiyo, na pikipiki asiiguse mpaka daktari aseme. Lorne alipotoka nje akatushika mashati.

"Marusia asijue."

"Asijue vipi, shemeji, na anakungoja?"

"Akijua ataiuza. Mnamfahamu. Ataiuza kabla sijavua viatu."

Sasa Shangazi, sisi watu wa pikipiki tuna desturi zetu, mwenzako akiugua njiani humwachi, hata kama safari imeharibika unamfikisha kwake, na aibu yake ya njiani huipeleki nyumbani kwake, kwa hiyo tuliporudi kwenye ule mtaro tuliweka mikono mitatu juu ya tangi la mafuta la pikipiki yake tukaapa. Tumeshaapa ndipo tukakumbuka kwamba dada yangu ana macho, na atataka kujua kwa nini mumewe amerudi ndani ya kigari cha mbwa. Gaston akafikiri kama dakika kumi, ambazo kwake ni nyingi, akasema, "Basi mgonjwa awe pikipiki." Akatoa kisu akakata waya mmoja wa koili, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, pale ndani usipoonekana, tukaisukuma mpaka kwa mkulima mmoja tusiyemjua hata kwa sura, akatufungulia banda lake bila maswali. Ilikuwa pikipiki nzima kabisa, imetulia kuliko zetu zote mbili, na tuliiharibu kwa mikono yetu ili mwenye moyo mbovu aonekane mzima.

Basi Lorne akasafiri kilomita mia sita ndani ya kigari, amevaa mavazi yake meusi ya ngozi ya kutisha watu, amempakata Bubul mapajani, na miwani ya upepo ilikuwa moja na Gaston akaona mwenye haki nayo ni mbwa. Njia nzima Lorne anampigia Gaston ishara za mikono, punguza, ongeza, kata kona, utafikiri yeye ndiye anayeendesha, na wenye pikipiki tuliopishana nao, ambao kwa kawaida tunapungiana mkono, walisahau kupunga kwa kucheka. Kila kituo cha mafuta mtu anakuja, anampapasa mbwa, anauliza, "Ni wako?" Cha kwanza Lorne alijibu hapana. Cha nne akasema, "Mimi ndiye wake." Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia sikuwa nacheka tena, kwa sababu kila baada ya nusu saa nilikuwa nasogea ubavuni mwake kuangalia kama bado macho yamefumbuka. Tulimfikisha. Marusia akatushukuru, akatupa pirogi, vile viandazi vyake vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini, nikala bila kumtazama usoni.

Balaa lenyewe ni kwamba dada yangu ndiye fundi wa mashine zote za kuvunia ngano za upande wetu, yaani mtu anayesikia mlio wa injini kwa simu akakwambia imekufa nini, nasi tukaenda kumdanganya kwa injini. Akaenda na pikapu na trela, akaileta, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameushika ule waya.

"Huu si uchakavu," akaniambia. "Huu ni mkono wa mtu."

"Labda panya, dada."

"Panya mwenye kisu? Ni huyo Gaston. Kila siku anaionea kijicho pikipiki ya mume wangu. Angeweza kumuua Lorne wangu barabarani, mdogo wangu, unaelewa?"

Tangu siku ile Gaston hapewi pirogi wala salamu, na anavumilia kwa ajili ya kiapo, ingawa juzi aliniambia kwamba kiapo kinaanza kumpunguza uzito.

Na dada yangu hakuishia kuunganisha waya. Mwaka huu wametimiza miaka arobaini ya ndoa, na ameamua kumshangaza mumewe, hajapanda pikipiki ile miaka kumi na mmoja lakini amejinunulia helmeti mpya nyekundu, na Jumamosi hiyo watakwenda wawili mpaka ziwani walikooana, kilomita mia mbili kwenda. Ameshamwambia, na Lorne amefurahi kama nini. Kwa daktari hajakwenda. Nilimfuata bustanini.

"Shemeji, umemwona daktari?"

"Wa nini? Ilikuwa nyama ya ule mkahawa."

"Nyama gani inayorusha mapigo ya moyo? Na sasa unampakia dada yangu!"

"Shem, miaka kumi na mmoja nimemwomba mke wangu apande nyuma yangu. Kumi na mmoja! Leo kasema ndiyo, halafu mimi ndiye nimwambie hapana?"

Jumapili walipokuwa kanisani nikaingia gereji yao nikachomoa fyuzi. Jumatatu ilikuwa imerudi. Nikachomoa nyingine, ikarudi, na safari hii Marusia akatia kufuli kubwa, akaniita, akanishika bega, akasema, "Wewe ndiye peke yako ninayekuamini," akanikabidhi ufunguo wa pili nimsaidie kumvizia huyo mwovu. Ninao hapa, Shangazi, nimeuning'iniza shingoni na silali vizuri. Nikisema, nimevunja kiapo, nimempotezea shemeji pikipiki yake, na dada atajua kwamba panya ni mimi. Nisiposema, nitawapungia mkono wakiondoka. Nifanye nini? Kama kuna waya ambao yeye hatauona, hata huo niambie. Na tafadhali majina usiyaweke.

Wako,
Mwenye Ufunguo wa Pili, kaskazini mwa Saskatoon

*

Mwenye Ufunguo wa Pili,

Waya asiouona dada yako haupo, na hata ungekuwepo nisingekuonyesha. Mara tatu mmeitibu pikipiki. Mwenye maradhi anapalilia nyanya.

Nikusifu kwanza, maana baada ya hapo sitakusifu tena. Mlimchukua mtu aliyezimika usukanini, mkaacha raha zenu, mkamleta kilomita mia sita akiwa salama, na wewe njia nzima unamwangalia macho. Huo ni udugu, na nilipoisoma sehemu ile ya mbwa na miwani nilicheka hapa ofisini mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nikugombeze. Unaniambia desturi yenu ni kumfikisha mgonjwa nyumbani kwake. Hamkumfikisha. Mlimfikisha kwenye kibaraza, mkamkabidhi kwa mkewe kama mtu mzima, mkaondoka na ugonjwa wake mifukoni mwenu. Mwanamke yule analala ubavuni mwa mumewe kila siku na hajui kwamba kuna kitu cha kusikiliza. Yeye anayesikia injini ikikohoa kwa simu! Kama kuna mtu mmoja katika wilaya nzima ambaye angegundua moyo huo mapema, ni huyo huyo mliyemziba masikio.

Na wewe, mama mzima uliyebeba watoto wa watu miaka ishirini na sita, ungemruhusu dereva wa namna hiyo aguse basi lako? Usingemruhusu hata aliegeshe. Basi kwa nini dada yako awe abiria wa bei rahisi kuliko wale watoto? Ulipata ujasiri wa kuingia gereji ya mtu kwa kuiba, mara mbili, lakini wa kufungua mdomo ukakosekana. Na Gaston wa watu unamwacha anyimwe salamu kwa kosa mlilolifanya watatu. Aibu.

Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini kabla ya kuanza kusoma barua zenu. Daktari si mimi, lakini mioyo inayorusha mapigo nimeiona mingi, na wengi wa wenye mioyo hiyo walitibiwa wakarudi kwenye mambo yao. Walioniliza ni wale waliosema ni nyama ya mkahawa. Mwambie shemeji yako maneno hayo kama nilivyoyaandika. Pikipiki yake anaweza kuipata tena kwa ruhusa ya daktari. Mke wake akianguka naye kwa kasi ile barabarani, hatampata tena kwa ruhusa ya yeyote.

Fanya hivi. Mchukue Gaston, nendeni wote wawili kwa Lorne, mchana, akiwa peke yake. Mwambieni kiapo kimekwisha, na kwamba mnampa nafasi ya kusema mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu habari hii ikitoka kinywani mwake itamuuma dada yako kidogo kuliko ikitoka kinywani mwenu. Akisema, vizuri, kaeni hapo mezani msimkimbie. Akikataa, sema wewe, mbele yake, si kwa kumnong'oneza dada jikoni. Anza na moyo. Ya waya na fyuzi yaje baadaye, na usijifiche nyuma ya kiapo wala nyuma ya panya. Sema, "Ni mimi." Atakasirika, na ana haki, na inawezekana utakula pirogi za dukani mpaka theluji iyeyuke. Utaishi. Ufunguo urudishe jioni hiyo hiyo. Na kama wanataka kwenda ziwani, pikapu ipo na dada yako anajua kuendesha. Avae helmeti yake nyekundu humo ndani akipenda.

Haya yote nilikusomea kwa simu Jumanne asubuhi, maana barua yako ilinifikia Jumatatu na niliona haifai kungoja. Ulilia, ukacheka, ukaniahidi. Nami nikakwambia kwamba gazeti linatoka Alhamisi na halitakungoja. Majina nimeyabadilisha yote, hata la mbwa, lakini mimi na wewe tunajua kwamba upande wenu mwanamke fundi wa mashine za kuvunia ni mmoja tu, na kwamba ukurasa huu huusoma kabla ya ule wa bei ya ngano. Nimekupa siku mbili. Naamini umezitumia.

Kama hukuzitumia, basi sasa hivi nazungumza na dada yako. Dada, nisamehe kwa kukupa habari hii gazetini. Waya uache kwanza, na mdogo wako mwache, wote utawapata baadaye na ukali wako wote. Weka kahawa chini, nenda bustanini, mwekee mume wako sikio kifuani usikilize, halafu washa pikapu umpeleke hospitali leo.

Shangazi Hedwig