Kuhusu Miguu ya Baba

Kaloleni,
Arusha.
14 Juni 2025

Mpendwa dada Elinaza,

Shikamoo. Hamjambo hapo Usangi? Kifua cha shemeji Thomasi kimepoa? Mimi nipo, sina ugonjwa, ila mgongo na mabega vinauma kama kawaida ya mbeba zege. Baridi imeanza, Mlima Meru umefunikwa na mawingu wiki nzima.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako inasikika kwa spika tu, na baba hukaa hapo hapo. Mara ya mwisho ulipokwenda jikoni aliniambia, "Gerson, mimi sasa ni mzigo. Dada yako ananiinua kama gunia."

Sasa nisikilize. Watafiti wa chuo walikuja kwenye jengo tunalojenga Njiro kutafuta wanaume wa kazi nzito, na kwingine walitafuta wazee wanaoshinda wamekaa. Walitaka kujua kunyanyua vitu vizito kunafanya nini ndani ya msuli. Nilikubali. Wanakutia ganzi pajani, wanachomoa kinyama kama punje ya mchele. Niliporudi nachechemea, fundi wetu Lucky alinipokea: "Haya, mshikaki umepatikana! Nani ana pilipili?" Walinicheka mpaka jioni.

Mtafiti mwenyewe, dada Naisula, alinieleza taratibu maana anajua niliishia la saba. Ndani ya msuli kuna vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa mitokondria. Ndivyo vinavyochoma chakula tulichokula na kukigeuza nguvu. Mtu akikaa tu, vinapungua, na vilivyobaki vinazembea. Akinyanyua kizito, akapumzika, akala vizuri, msuli unakua na vile vidogo vinachangamka. Kama vinaongezeka au vinafanya kazi vizuri zaidi tu, hilo alisema hata wao bado wanabishana.

Nilidhani mimi nitakuwa bingwa. Naisula alicheka. Alisema kubeba zege kutwa kwa chai na andazi si mazoezi, ni kuchoka.

Lakini aliyenifanya niandike ni mzee Ndesanjo, mkulima wa kahawa kutoka huku mlimani, wa umri wa baba. Watoto wake walimnyang'anya panga na jembe kwa heshima, kama sisi. Kwao pia, mzee mwenye wajukuu akionekana na mzigo, watu husema watoto wamemtupa. Alikaa mpaka akawa wa kuinuliwa. Watafiti walitufanyisha mazoezi ya kunyanyua vizito pamoja kwenye ukumbi Sekei, na mwanzoni alikuwa anashikwa pande zote mbili. Walipochukua nyama yake mara ya pili, Naisula alisema vile vidogo vimeamka. Mimi sikuviona. Nilichoona ni mzee anapanda ngazi peke yake na kunigombeza nikichelewa.

Dada, hospitali walisema miguu ya baba haina ugonjwa. Sisi ndio tumemkalisha.

Kwanza mpeleke zahanati apimwe presha. Wakimruhusu, aanze kuinuka kitini mwenyewe, mikono kifuani, wewe umesimama mbele yake. Asizuie pumzi. Akichoka apumzike, arudie. Ikiwa rahisi, mpe dumu lenye maji kidogo apeleke kwa ng'ombe, na akizoea uongeze maji. Mayai na maharage asikose, uji mtupu hautoshi.

Kaka Hans anataka kuleta kiti cha magurudumu mwezi wa nane. Nimemwomba asubiri. Alifoka kwamba nataka kumfanya baba kibarua kama mimi. Labda yeye ndiye yuko sahihi. Ila naona baba akiingia kwenye kiti kile hatatoka tena.

Mashangazi watakuja kukusema. Waache waseme. Baba naye atakutukana siku za kwanza, maana inauma. Ukimwonea huruma tazama pembeni, lakini asipokuwa anaanguka, mkono usimpe.

Nisalimie shemeji, Blessing na Princess, na mama mkubwa Susana. Mungu awatunze wote hapo nyumbani na akupe wewe moyo mgumu kwa jambo hili.

Baba usimpe salamu. Mwambie Krismasi nikishuka stendi namtaka yeye anipokee, na begi atabeba yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Gerson