Macho ya Mamluki

Jumamosi, 8 Machi 2025
Mamluki wangu ishirini na wanne, vinyago vya mchezo wa vita, wamekauka rangi vizuri. Wajerumani wa miaka mia tano iliyopita, kila mmoja na mkuki wake, hazidi kidole gumba. Mguu mmoja njano, mwingine mwekundu — mikono ya shati imechanwachanwa makusudi, eti fasheni! Bado macho tu. Mwalimu Pantaleo kapiga simu: Waswisi wake wako tayari, tupigane mezani Jumapili ijayo. Eti jeshi lisilo na macho litajichoma lenyewe. Mchokozi huyu.

Jumatatu, 10 Machi
Zamu yangu ya kukagua matimba, yale magogo yanayozuia duara, shimo letu la dhahabu, lisiporomoke. Nikishinda nagonga magogo, mkono unatetemeka siku mbili. Na jicho la mamluki ni nukta moja! Nikashuka mita kumi na tano, nikapanda. Ishirini na tano za chini sikuzigusa. Kitabuni nimeandika: yote mazima. Saa tisa nilikuwa mezani na brashi, mkono umetulia tuli. Macho yametoka mazuri. Najionea aibu.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu jana. Mke wangu, Mama Loveness, kauliza mbona sili. Nimesema tumbo. Muongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi
"Mwangaluka!" Maige huyo mlangoni na salamu yake ya Kisukuma, kaka yake Mama Loveness, kapita kunywa chai. Yeye na wachimbaji wenzake wanashuka duarani kesho. Wenzake wanaogopa udongo umelainika. Kawaambia kama shemeji yake kakagua, yeye hata kulala atalala humo humo. Akamshika mamluki mmoja, akauliza anapigania nini. Nikasema mshahara.
"Kumbe mwenzetu." Akamrudisha taratibu asikwaruze rangi.
Nilitaka kumwambia. Viazi vikaletwa. Sikumwambia. Roho inanisuta, sina raha hata kidogo.

Ijumaa, 14 Machi, saa moja asubuhi
Niko bandani, mdomoni mwa duara. Nilidamka nishuke mwenyewe kabla yao — nimewakuta wameshajifunga kamba! Nikasema nikague tena. Msimamizi hataki: ulikagua Jumatatu, si umeandika? Tia sahihi ya leo tuanze kazi. Nikaingia humu, eti natafuta kalamu. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Nikisema ukweli, hakuna duara Kharumwa nzima litakalonipa kazi tena. Nisiposema — Maige ndiye wa kwanza kwenye kamba.
Anaita.
"Shemeji! Tushuke?"