Unafuu wa Kubaki

Wirrabilla, Queensland
4 Agosti 2018

Kwa Dada Bron,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Mimi sijambo, mgongo tu ndio una mambo yake. Natumaini u mzima, baridi ya Hobart haijakugandisha, na wale wazee unaowapikia bado wanalalamikia chumvi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Mara zote za karibuni ama wewe umenikatia ama mimi nimekukatia. Barua haikatwi.

Ng'ombe nimewauza, Bron. Mwezi wa sita, malori manne. Majike wote, uzao wa Babu na wa Baba, isipokuwa arobaini nilioshindwa kuwapandisha lorini. Mwaka wa sita huu hatujaona mvua ya maana, na majani makavu ya kununua yametumaliza. Pesa haikulala mkononi. Benki iliichukua kwa deni la chakula cha ng'ombe hao hao. Lori la mwisho lilipoondoka nilikwenda zizini nikafunga lango. Sijui nilikuwa namfungia nani.

Jana nilikuwa mjini kwa Trudy Pascoe, mhasibu wetu. Akavua miwani, akasema, "Royce, hongera. Huu ndio mwaka wako mzuri kuliko yote."

Nikamwambia, "Trudy, usinichekeshe, midomo imepasuka."

Hakuwa anatania. Ng'ombe aliyezaliwa nyumbani, kwenye vitabu vyetu anahesabiwa dola ishirini. Ukimuuza kwa mia sita, mia tano na themanini ni faida. Kwa hiyo mwaka huu sisi ni matajiri, na tajiri analipa kodi. Na kwa kuwa Baba alituachia shamba kwa ubia, nusu ya utajiri huo ni wako.

Upo unafuu kwa waliolazimishwa na ukame kuuza. Faida inawekwa kando, haitozwi, mpaka tununue ng'ombe wengine ndani ya miaka mitano. Lakini wabia wote wawili lazima wakubali. Karatasi nimeitia humu. Weka sahihi uirudishe.

Mdogo wako,
Royce


Hobart, Tasmania
17 Agosti 2018

Mdogo wangu Royce,

Mimi sijambo. Wazee wangu nao hawajambo, ila mmoja alituacha Jumatatu, kijiko cha uji bado kiko mkononi. Mgongo huo upake dawa, usiuache tu kama ulivyouacha meno yako.

Nimesikitika kuhusu ng'ombe. Nimesikitika kweli, nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Sasa nikugombeze. Tangu tulipomzika Mama nakuomba jambo moja tu: unitoe kwenye ubia huo. Nina miaka hamsini na nane, nakaa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anataka kuiuza, na amesema ataningoja mimi kwanza, mpaka Pasaka. Nimeweka akiba miaka mingi, sinywi kahawa ya kununua, sipandi ndege. Halafu unaniletea karatasi ya kunifunga miaka mitano mingine!

Nimempigia Trudy. Nikamuuliza, "Na tukiacha ufugaji kabla ya miaka hiyo kwisha?"

Akasema, "Mkiacha, faida yote iliyowekwa kando inarudi, mnatozwa kwa mkupuo. Unafuu huu ni wa mfugaji anayeendelea kufuga."

"Na nisipoweka sahihi?"

"Basi utatozwa sasa."

Na hiyo nusu yangu ya kodi inakula akiba karibu yote. Kwa hiyo naombwa ridhaa huku nimekabwa shingo.

Wewe unaipenda hiyo ardhi, nakujua. Uliila ukiwa mtoto, Mama akawa anakutoa udongo mdomoni kwa kidole. Mimi sikuipenda hata siku moja. Nilipanda treni nikiwa na miaka kumi na minane na sikugeuka nyuma.

Nimeweka sahihi, iko humu. Nimekukasirikia na nakupenda, vyote viwili.

Dada yako,
Bronwyn


Wirrabilla
23 Desemba 2018

Dada Bron,

Krismasi njema. Natumaini afya yako ni nzuri na hujachoka sana na keki za watu. Huku ni joto la kuivisha mayai juu ya bati. Mimi mzima, nimekonda kidogo, na ukisema nilihitaji kukonda barua hii nitaikata.

Ahsante kwa sahihi. Watu wa kodi wamekubali, Trudy amesema tupumue.

Wale arobaini wanakula molasi na majani ya kununua. Wamebaki mifupa na macho, lakini wanasimama. Ili niwalishe, nimepata kibarua cha kuendesha greda la halmashauri. Nanyoosha barabara za vumbi kutoka asubuhi hadi saa tisa, halafu nazima injini, nashuka, naondoka. Siku ya kwanza nilikaa pale kando ya mtambo nikingoja mtu aniambie kilichobaki. Hakuna kilichobaki. Sikujua kama kazi huwa inaisha, Bron.

Nakutumia picha. Aliyenikunjia uso ni ng'ombe, asiyekunja uso ni mimi.

Mdogo wako,
Royce


Wirrabilla
29 Januari 2019

Dada!

Salamu zote, hujambo, sijambo, tuachane na hayo. MVUA! Inanyesha tangu Jumamosi na haijakoma. Nimetoka nje na nguo za ndani tu nikasimama uani kama mwendawazimu. Jirani yetu Len amenipigia simu analia, mwanamume mzima, na mimi nikalia, tukaliliana mpaka laini ikakatika.

Lambo limejaa na linamwagika. Arobaini wangu wamelowa chapachapa, wamenikodolea macho kana kwamba nimefanya mimi.

Dereva wa lori la posta amefika kwa taabu, ananipigia honi, anasema barabara ikifungwa hatarudi leo wala kesho. Nitakuandikia vizuri ikipungua.

Mdogo wako mwenye furaha,
Royce


Hobart
13 Februari 2019

Royce mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Barua yako ya furaha imenifikia siku ile ile niliyoona kwenye taarifa ya habari ile bahari ya matope na ng'ombe wamelala ndani yake. Simu yako haiiti. Polisi wameniambia, "Ndugu yako yuko hai, mama," wakakata. Yuko hai na nini? Nyumba ipo? Unakula nini?

Kazini nimeunguza sufuria mbili. Mzee mmoja ameniambia, "Bronwyn, leo supu yako ina masizi." Nikamjibu, "Leo wewe kula masizi."

Niandikie hata mstari mmoja. Nimekaa karibu na simu kama msichana aliyechumbiwa.

Dada yako,
Bronwyn


Wirrabilla
10 Machi 2019

Dada Bron,

Ahsante kwa barua, na ahsante kwa kuniulizia. Niko salama. Nyumba ipo, iliingia maji hadi magotini. Nakula makopo na mikate inayoletwa na helikopta. Wewe usiunguze tena sufuria za watu.

Mvua haikukoma. Iliendelea mchana na usiku zaidi ya wiki, na ukaja upepo wa baridi ambao sijawahi kuusikia mwezi wa pili. Ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa hana mafuta ya kumkinga na baridi. Maji yalinizuia nisiwafikie. Nilipopata njia niliwakuta wote kwenye kona ya uzio, wameegemeana. Wanane walikuwa bado wanapumua. Hao niliwamaliza mwenyewe kwa bunduki, na nilimwomba kila mmoja radhi.

Sasa nikueleze kuhusu wema wa watu. Kila siku wanakuja. Wameleta ruzuku ya kujenga uzio upya. Wameleta mkopo wa riba ndogo wa kununua ng'ombe. Watu wa kodi wamesogeza siku za kulipa, wala hawatatutoza riba. Mama mmoja mwenye koti la njano alinishika mkono akasema, "Royce, tutahakikisha unabaki." Nikamshukuru. Nikaenda nyuma ya tangi nikakaa huko mpaka alipoondoka.

Bron, kila msaada unaoletwa hapa ni wa kubaki. Nimetafuta wa kuondoka, hakuna. Nimemuuliza Trudy waziwazi: nikiacha leo, nikamuuzia Len ardhi, itakuwaje? Akasema pesa ya ardhi itaishia benki, na ile faida tuliyoiweka kando itaturudia wote wawili mara moja. Yaani nikitoka mimi, nyumba yako inakwenda.

Halmashauri wameniambia kazi ya greda ipo, ya kudumu, na nyumba ndogo mjini. Nimewajibu sitaweza.

Ulisema naipenda ardhi hii. Nani alikwambia? Wewe ulipanda treni, ikabidi mtu abaki. Baba hakuniuliza na mimi sikusema. Nilipenda hiyo treni yenyewe, nilitaka kuiendesha. Sikulaumu. Nimechoka tu, dada yangu, nimechoka mpaka kwenye kucha, na nilitaka mtu mmoja duniani ajue.

Siachi. Usiwe na wasiwasi na akiba yako.

Mdogo wako,
Royce


Hobart
21 Machi 2019

Royce, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Natumaini hii inakukuta umelala walau usingizi wa saa chache. Mimi sijalala tangu niipate yako.

Miaka arobaini nimekuwa nikiwaambia watu nina mdogo wangu mfugaji, ukimtoa shambani anakufa. Nimekuwa nikikuonea wivu! Nikisema, mwenzangu angalau yuko anapopapenda. Kumbe tulikuwa wawili tunaotaka treni moja.

Sasa nisikilize, na usibishe maana barua haibishiwi. Uza. Mwuzie Len, benki wachukue chao, ile kodi irudi. Nusu yangu nitailipa kwa akiba, na kinachobaki kitakusaidia kuanza kulipa yako. Nimezungumza na Trudy, nimeziba pua nikasema yote kwa mara moja. Karatasi za kufunga ubia ziko mezani kwake, mimi nimeshaweka sahihi. Bado mkono wako tu.

Mwenye nyumba nitamwambia wiki ya Pasaka. Nyumba zipo nyingi, na hii bomba lake la jikoni linavuja. Nalia kidogo ninapoandika hivi, si kwa majuto. Basi, ni kwa majuto kidogo. Lakini nimepima, na nimeona afadhali nipange nyumba maisha yangu yote kuliko wewe ubaki huko kwa ajili yangu.

Nenda kwenye greda lako. Saa tisa uzime injini uende nyumbani.

Dada yako anayekupenda,
Bronwyn


Wirrabilla
5 Aprili 2019

Dada Bron,

Salamu nyingi. Natumaini ujumbe wa simu umeupata kabla ya barua hii, kwa sababu huo haukuweza kungoja posta: usiiachie nyumba. Akiba yako haijaguswa. Inunue.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Jumatano nilikwenda kwa Trudy. Karatasi zilikuwa pale mezani, sahihi yako imeandikwa kwa nguvu mpaka imetokea upande wa pili. Trudy akanipa kalamu, akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, ili asinitazame. Nikaishika kalamu. Nikajaribu kufikiri kesho nitaamkia wapi, nitatazama dirisha gani. Nina miaka hamsini na mitano na sijawahi kuchagua hata pazia. Nikagundua greda nililipenda kwa sababu jioni narudi Wirrabilla kuilaani. Nikaiweka kalamu chini.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja mnadani. Kila mtu anataka kujaza shamba lake tena, bei ni ya kichaa. Nimenunua mitamba kumi na wanane kwa ule mkopo wa watu wema. Wengine ni wakorofi, mmoja amenipiga teke la goti. Kwa hiyo ufugaji unaendelea, ubia unaendelea, na unafuu wetu uko palepale.

Mjini wanasema Royce amejitoa mhanga kwa ajili ya dada yake. Trudy naye alisema hivyo, machozi yakimlenga, na nilimwacha aamini. Wewe siwezi kukuacha uamini. Sikufanya kwa ajili yako. Miaka yote nimesema nimefungwa: na Baba, na wewe, na benki, na ukame, na watu wa kodi. Wewe ukanifungulia kwa bei ya nyumba yako, na hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa namna hiyo. Jumatano hakukuwa na mtu wa kunizuia mlangoni, Bron. Niliogopa kutoka.

Nyasi zimeota hadi kiunoni, na mitamba wanakula. Sijui kama nina furaha, naona aibu zaidi. Usiniandikie kunisamehe, si sasa. Niandikie utakapokuwa umepaka rangi jikoni kwako, uniambie umechagua rangi gani.

Mdogo wako,
Royce