Mkono wa Kushoto wa Sweta ya Wangu

Kangemi
14 Mei 2009

Dada Wanjugu,

Nyakio amekufa. Ni nimonia. Tumeshamzika, Lang'ata. Nilipiga simu yako mpaka nikachoka, haiingii. Hii barua nimempatia Macharia wa lori ya viazi, pale soko la Marikiti.

Mguu wako unaendeleaje? Mimi niko mzima. Msichana wetu Wangu pia, lakini haendi shule. Mama yake alikuwa anamfumia sweta ya shule. Alifika nusu ya mkono wa kushoto, akaingia hospitali. Sasa Wangu ameivaa hivyo hivyo, sindano zinaning'inia. Analala nayo. Mwalimu amemrudisha nyumbani, anasema sindano itadunga mtoto wa wenyewe. Nilimnunulia ingine sokoni, akaikataa. Kazi ya mjengo sijaenda tangu mazishi. Nikienda, atabaki na nani?

Ni hayo.

Ndugu yako,
Mbugua


Ol Kalou
21 Mei 2009

Ndugu yangu Mbugua,

Barua yako nimeisomea shambani, nikakaa chini kwa matope. Simu iliingia kwa ndoo ya maziwa, haijaamka mpaka leo. Nyakio amezikwa bila mimi. Najua si makosa yako. Lakini nimekasirika, wacha nikasirike.

Mguu ni ule ule. Ng'ombe imezaa, ndama dume. Pole, ndugu yangu. Pole sana. Alikuwa mke mzuri kukushinda wewe.

Sasa nisikie. Msichana wa miaka minane hawezi kulelewa na mtu wa mjengo kwa chumba moja. Na usipofanya kazi mtakula nini, ukuta? Mvue hiyo sweta, uifumue, yaishe. Ukishindwa, nakuja kumchukua. Huku kuna shule, kuna maziwa, na kuna mimi. Nikimaliza kupalilia viazi nikute bado yuko nyumbani, narudi na yeye. Sitaki maneno.

Dada yako,
Wanjugu


Kangemi
9 Juni 2009

Dada,

Habari ya ndama? Sisi tunakula, tunalala.

Sweta sijaifumua. Nilishika ule uzi, Wangu akanishika mkono. Nikaacha.

Kuna jambo nimeona, sijui kama nitaweza kukuambia vizuri. Nyakio alikuwa anampeleka Wangu laibrari moja ndogo huko Westlands kila Jumamosi. Kulikuwa na kitabu chao kwa nyumba. Nikakirudisha, nikaenda na Wangu. Mwenye kukaa hapo anaitwa Zainab, ni mtu wa Lamu. Aliniuliza Mama Wangu yuko wapi. Nikamwambia amekufa. Akaondoka kwa meza, akarudi na macho mekundu.

Mkubwa wake wa kazi amewaambia wafanyakazi wote wajaribu vitu vipya vya intaneti, kila wiki kitu moja. Hiyo wiki ilikuwa kuweka picha mahali dunia yote inaona. Akasema, "Baba Wangu, nimekaa hapa tangu asubuhi sijui niweke picha ya nini. Paka wangu nimechoka naye." Akaangalia sweta. Akamuuliza Wangu, si mimi, "Waniruhusu?" Wangu akanyoosha mkono. Picha ikapigwa. Zainab akaandika pale chini kwamba mama amefariki, kazi imebaki katikati, nani anajua mshono huu unaendeleaje.

Tuliporudi Jumatatu watu walikuwa wamejibu. Dada, watu. Mmoja yuko Japani. Wanasema pole kwa mtu wa Kangemi hawajawahi kumuona. Nilimuuliza Zainab nitawashukuru aje wote hao, kwa sababu mtu akikupa pole unampa chai. Akasema nitamke, yeye aandike. Nikasema: Asanteni. Mngekuwa karibu mngekunywa chai. Akaandika hivyo. Ikaenda mpaka Japani nikiwa bado nimesimama.

Halafu kuna mama mmoja yuko nchi inaitwa Uruguay. Kondoo huko ni wengi kuliko watu. Anaandika kwa lugha yao, Zainab anaiweka kwa mashine inaigeuza Kiingereza, halafu yeye ananipa kwa Kiswahili. Huyo mama alisema mshono anaujua, na mkono hauanzii chini, unaanzia begani. Akasema maneno hayatoshi, ngoja.

Akatuma video. Sura hakuonyesha. Ni mikono tu, na sindano, na uzi rangi ileile. Mikono mizee, imepasuka kama yangu. Nilitoa kofia nikaisalimia. Zainab akacheka, "Baba Wangu, hasikii, hiyo ilirekodiwa jana." Nikamwambia hata kama.

Ilienda mbio. Nikasema mwambie angoje. Zainab akabonyeza kitu, na mikono ya yule mama ikasimama hewani, uzi juu. Imesimama tu. Akabonyeza tena, ikaendelea kama hakuna kitu kimetokea. Dada, nilikaa chini. Nilimwambia afanye hivyo tena. Akafanya. Hakuniuliza kwa nini.

Nimeanza kujifunza kufuma.

Ndugu yako,
Mbugua


Ol Kalou
17 Juni 2009

Mbugua,

Sisi wazima. Ndama ananyonya. Wewe sijui kama ni mzima.

Huyo mwanamke wa laibrari ni nani? Udongo wa kaburi haujakauka. Na mwanamume mzima ameketi Westlands anafuma sweta mbele ya watu, akifunzwa na mikono haina mwenyewe. Nilimsomea jirani yangu Mama Zedekiah barua yako akaniuliza kama unakunywa.

Mtoto amekosa shule mwezi mzima. Hiyo ndiyo naona. Viazi nimepalilia. Nakuja na lori ya Macharia wiki ijayo. Fungasha nguo zake.

Dada yako,
Wanjugu


Ol Kalou
1 Julai 2009

Ndugu yangu,

Mimi na Macharia tulifika salama, mguu umevimba kidogo kwa safari. Najua unashangaa kwa nini niliondoka vile bila kusema chochote. Wacha niandike, kwa mdomo ningelia.

Nilikuta mlango wako umefungwa. Jirani akaniambia, "Baba Wangu ameenda shule." Akacheka sana. Nikapanda mpaka huko Westlands nikiwa na gunia la kuweka nguo za mtoto, na maneno ya kukuambia nimeyapanga njia yote.

Nikawaona kwa kioo cha dirisha kabla ya kuingia. Nilidhani unafumia mezani. Kumbe alikataa kuivua, nawe unamfumia mwilini. Ameketi kwa kiti, mkono ameunyoosha juu ya goti lako, hatikisiki, na wewe umeinamia kiwiko chake na hizo vidole zako za simiti. Anakuangalia kama fundi mkubwa. "Baba, umeruka moja. Toa." Unatoa. "Sasa zungusha. Si hivyo, angalia yule cucu." Nyinyi wote mnageuka kuangalia ile mikono ya yule nyanya kwa skrini.

Nilipoingia uliinua kichwa, uzi bado mkononi. Yeye ndiye alisema: "Tata, keti hapo, usivute uzi." Shangazi mzima, nikaketi. Huyo Zainab akaniletea chai, akaniuliza kama nataka kuona mikono tangu mwanzo. Nikaona. Ningekudanganya nikisema sikushtuka. Huyo mama amekaa ng'ambo ya dunia na hajui hata jina langu, lakini anashika uzi vile mama yetu alikuwa anashika.

Na Zainab si vile nilifikiri. Nisamehe hapo.

Mtoto alikuwa amefungwa kwako na huo uzi, Mbugua. Ningemtoaje? Ningekata?

Abaki. Gunia nilirudi nalo. Lakini aende shule. Hiyo siondoi.

Dada yako,
Wanjugu


Kangemi
12 Julai 2009

Dada,

Mguu weka kwa maji ya chumvi. Sisi wazima.

Mkono umeisha Ijumaa. Umekuwa mrefu kuliko ule wa mama yake, unafunika vidole. Zainab alisema tuukunje. Wangu akakataa, akasema atakua.

Kufunga mwisho nilijua, yule mama ameonyesha. Kukata uzi ndiyo nilishindwa. Nilishika makasi nikakaa. Wangu akainama akaukata na meno. Akatoa sindano zote mbili, akampa Zainab azishike. Akasimama. Alikuwa amekaa karibu na mimi siku nyingi hata nilisikia baridi upande huo.

Zainab alipiga picha akamtumia mama wa Uruguay. Jioni mikono ikarudi kwa skrini, mara hii haina uzi. Ilipiga makofi tu. Watoto wote wa laibrari wakasimama kuangalia. Mimi nilisimama nyuma yao.

Leo jioni Wangu amevaa sare yote, viatu amepaka rangi mwenyewe. Amesema asubuhi nisimpeleke, niende mjengo, foreman ataajiri wengine.

Kesho narudi kazi.

Ndugu yako,
Mbugua