Bibi Anaagwa Ijumaa na Tiketi Haipo

Mama Jenipher, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Kilwa Masoko, nina haya mpaka dukani naonyesha kwa kidole, lakini kwenye simu nasafiri, maana kuna mashirika ya ndege yameungana yanauza tiketi moja ya kuzunguka dunia, sharti uelekee upande mmoja bila kurudi nyuma, nami nikapanga daraja la kwanza, Dar, Doha, Tokyo, Los Angeles, London, Dar, kiti kinageuka kitanda, unapewa pajama, unaletewa mayai ya samaki kwa kijiko kidogo, yaani nilicheka peke yangu ndani ya shuka! Kisha nikamwandikia ajenti wa Dar kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza sioni haya, ni kama anasema mtu mwingine, nikaomba viti viwili, changu na cha bibi yangu Zuwena, nikaweka namba ya bibi.

Ajenti akampigia kumwambia nafasi mbili zimeshikwa! Bibi akadhani ni mjomba Suleiman wa Maskati kalipa, kwa kuwa aliwahi kumwahidi safari, na hataki kumuuliza, eti asimharibie siri yake. Sasa nyumba imejaa mizigo ya watu wa Maskati, korosho za Bi Kijakazi jirani, pweza mkavu kutoka Songo Songo, na nikisema ndege ile haipiti Maskati bibi ananijibu, "Tutamwomba rubani, naye ana mama."

"Na Tokyo je?" anauliza Bi Kijakazi.

"Napita, sishuki."

Wanaangua kicheko, nami nacheka nao, Mungu anisamehe, nimenogewa. Ijumaa wanamsomea dua ya safari, mchele umeshachambuliwa, na mtu akiagwa kwa dua halafu akabaki, mtaa mzima utamwita Msafiri mpaka kufa kwake. Nasikia kandambili zake zinakuja mlangoni. Siku nyingine ningeficha karatasi hii chini ya godoro. Leo naiacha wazi.

Nusaiba

Marahaba, mwanangu. Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya gazeti, maana Ijumaa haisubiri, na majina nimeyabadili. Nimecheka mpaka machozi, kisha nimekasirika. Kuota si kosa. Kosa ni kumwacha bibi wa watu apokee mapweza huku wewe unanogewa! Na kuacha karatasi wazi si kusema. Mdomo unao.

Leo mwandikie ajenti afute nafasi zile. Kisha kaa chini mbele ya bibi, sema, "Ni mimi, si mjomba." Akifoka, nyamaza, ana haki. Akitulia, mpigieni Suleiman pamoja, awatafutie mtu wa kubeba mizigo ya watu.

Dua isivunjwe. Ijumaa, kabla sinia hazijatoka, usijifiche jikoni. Simama mbele ya wale wanawake, useme kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba mwenye ndoto ya safari ni wewe, bado unasoma, na unaomba wakuombee. Watakutania, tena sana. Waache. Wakitafuta wa kumwita Msafiri, wakukute umeshasimama, bibi yako amekaa zake anapakua pilau.