Alfonsi Ligonja, Diwani wa Foleni ya Pantoni

Mwaka umezunguka, Alfonsi, tangu Julai ile tulipokufukia, na mama yako hajazoea. Watu wanamwambia, "Mama, mwaka sasa, jikaze." Wanaosema hivyo watoto wao wako nyumbani, wanakula.

Wengine wakiandika kumbukumbu huanza kwa kuwashukuru majirani. Mama yako naye alitaka kuanza hivyo, kalamu ikagoma. Yeye aliishia darasa la nne, wewe mwalimu utamsamehe akikosea. Ataandika yaliyotokea tu, ili wazazi wenye watoto hodari wa kusemea watu wayasome mapema, wasije wakasema hawakuambiwa.

Ulikuwa mtoto mpole. Hata ulipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, na fimbo mkononi, ulikuwa ukimpa shikamoo mzee yeyote wa njiani, awe mlevi, awe adui wa baba yako. Mlipoletewa vyama vingi ukarudi nyumbani siku moja ukasema umeacha kazi, unagombea udiwani, tena kwa upinzani. Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama.

"Mshahara wa serikali unauacha kwa ajili ya bendera?"

"Si bendera, mama. Watu wa ng'ambo wanafia mtoni wakingoja kuvuka."

"Mto ulikuwepo kabla hujazaliwa."

"Na kufa walikufa kabla sijazaliwa. Ndiyo maana."

Ulishinda, na wakubwa hawakufurahi. Kila ulipoomba kibali cha mkutano ulijibiwa siku hiyo haifai: mara kuna mgeni wa mkoa, mara askari hawatoshi, mara kipindupindu. Mama yako akapumua, akajua mwanawe atachoka mwenyewe. Hukuchoka. Ulikwenda Kivukoni.

Wanaokijua kivuko kile wanajua pantoni ilivyokuwa miaka ile. Injini inakohoa, inazima katikati ya maji, inavutwa. Watu wanangoja kutoka asubuhi mpaka jua la utosi: wenye wagonjwa kwenye machela, wenye magunia ya mpunga, wafanyakazi wa miwa waliopunguzwa kazi kule Kidatu wanarudi kwao na masanduku ya bati. Wote wamesimama, hawana pa kwenda, hawana la kufanya. Wewe ukaona huo ndio mkutano. Foleni haiombi kibali.

Basi ukawa unakwenda kupanga foleni kama mtu mwingine. Ndivyo ulivyofanya kazi yako yote ya udiwani, umesimama kwenye matope na suruali umeikunja. Wakikuona wanapiga kelele, "Mheshimiwa, pita mbele!" Nawe unajibu, "Nikipita mbele nitaongea na nani, na dereva?" Wanacheka. Mmoja wa chama kikubwa akakuuliza, "Mwalimu, sisi wa upande wa pili tunaruhusiwa kusikiliza?" Ukamwambia, "Ziba masikio, ila usipitwe na zamu yako."

Hapo walikueleza kila kitu. Ng'ombe walioingia kwenye mpunga. Pesa ya kuchangia hospitali, ambayo mwanzoni haikuwepo. Waliopunguzwa kazi walikuuliza kama ni kweli mashamba ya miwa yatauzwa, na yakiuzwa wao watakula wapi. Usilolijua ulisema hulijui, ukaenda kuuliza mpaka Morogoro, ukarudi na jibu kwenye foleni ileile. Balbina, muuza kambale wa kukaanga pale Kivukoni, alikuwa akitamba mtaani: "Diwani wangu ofisi yake iko mbele ya beseni langu. Ukimtaka, nunua samaki kwanza."

Na pantoni ilitengenezwa. Hilo mama yako analisema kwa sauti, maana wapo wanaolisahau. Uliisemea kwenye kila kikao cha halmashauri mpaka wakakuita Bwana Injini. Injini mpya ilipofika walikuja wakubwa, wakahutubia, wakakata utepe, wewe ukasimama juani nyuma ya ngoma. Jina lako halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Ulirudi umepiga makofi mpaka viganja vimekuwa vyekundu.

"Unampigia nani makofi?" mama yako alikuuliza.

"Mama, watu wanavuka."

Ikaja masika ya mwaka jana. Mto ukafura, pantoni ikafungwa kwa minyororo mpaka maji yapungue. Kila mtu alijua haivuki. Asubuhi hiyo akaja Barnaba, mwenyekiti wa tawi lenu, juu ya baiskeli, matope mpaka magotini. "Mwalimu, watu wamejaa Kivukoni. Wa ng'ambo vyakula vimewaishia, mitumbwi inawachaji wanavyotaka. Wanasema hawaondoki mpaka wakuone."

Mama yako alitoka jikoni. "Barnaba, wanangoja nini, na pantoni imefungwa?"

"Wanamngoja yeye, mama."

"Basi leo hakuna foleni. Leo ni mkutano. Alfonsi, usiende."

Ukavaa viatu vya mpira huku unacheka. "Mama, watu wakisimama mmoja nyuma ya mwingine ni foleni hata mbele ya ukuta."

"Mwenye bunduki ndiye atakayesema ni nini."

Ulikwenda. Mdogo wako Dativa akakufuata na mwavuli, na yaliyofuata tunayajua kutoka kwake. Ulipofika uliwapanga kweli, mmoja nyuma ya mwingine, foleni ikafika mpaka barabarani. Hujamaliza salamu, askari wakashuka kwenye gari. Mkubwa wao hakufoka. Aliuliza tu, "Mnangoja nini hapa?"

"Pantoni," ulisema.

"Pantoni ile pale, ina minyororo." Akatazama watu. "Nani mwingine anangoja pantoni?"

Jamani, Alfonsi. Watu waliokutumia baiskeli. Watu uliowajua kwa majina ya watoto wao. Kila mmoja alikumbuka shughuli yake. Huyu ameacha mbuzi kwenye mvua, yule alikuwa anapita njia. Balbina akainua beseni lake kichwani, samaki hawajaisha. Barnaba alikuwa ameshapanda baiskeli, yeye huwa haachwi nyuma. Ukabaki wewe mbele, na Dativa nyuma yako na mwavuli.

"Na wewe ni nani?" askari akamuuliza.

"Mdogo wake. Nangoja pantoni."

"Mtu na dada yake si foleni," akasema, na wenzake wakacheka. Wakakuchukua.

Mama yako alileta uji kila siku. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia chini ya mlango wa mahabusu, ukawa unalala umekaa. Kifua kikaanza kulia kama mlango mbovu. Wakamwambia mama, "Lete watu wa kusema ile ilikuwa foleni, mambo yataisha." Jambo dogo hilo! Waliokuwepo si walikuwa wengi? Akafunga kanga mbili, akapita nyumba kwa nyumba, mpaka Kiberege alifika kumtafuta mtu aliyekuwa amesimama wa tatu kutoka kwako.

Wa kwanza alisema shamba lina maji. Mwingine alisema mume wake ni mtumishi, mama unaelewa. Balbina alimkaribisha kiti, akalia machozi ya kweli.

"Mama Alfonsi, mimi ningesema nini pale? Mimi muuza samaki tu."

"Useme ulikuwa unauza samaki. Samaki wale si huuzwa kwenye foleni?"

"Watanifukuza kivukoni, mama."

Barnaba naye alikuwa na jibu zuri kuliko wote, maana ni mtu wa siasa: "Mama, na mimi nikikamatwa, tawi litabaki na nani?"

Ulitoka kwa dhamana, kikohozi kikatoka pamoja nawe. Domitila mkeo alikukanda kwa maji ya moto, madaktari nao walijitahidi, hatuna lawama kwao. Siku zako za mwisho mama yako alikuambia majina ya walioikataa foleni, kwa hasira, ili na wewe ukasirike. Ukasema, "Waache, mama, wana watoto." Wewe je? Ulikuwa jiwe? Hukuwa na watoto? Hukuwa na mama?

Kisha ukazikwa, na huko ndiko mama yako alikokuja kuwaona wote. Walikuja wa Ifakara na wa ng'ambo, wa chama chenu na wa chama kikubwa, bendera zao wamezikunja kwapani. Barabara ya makaburini ilijaa. Padri alipomaliza, walijipanga bila kuambiwa na mtu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja atupe udongo wake. Mama yako hajaona foleni ndefu kama ile, hata pantoni ilipokuwa mbovu kabisa. Yule wa shamba lenye maji alikuwepo. Mwenye mume mtumishi alikuwepo na mumewe. Balbina aliacha kuuza siku hiyo. Askari wawili walisimama kando, kofia mkononi, na hawakuuliza wanangoja nini.

Tungeishia hapo, tukakuombea pumziko la milele, tukanyamaza. Lakini mwezi uliopita walikuja tena, Barnaba mbele, Balbina naye yumo. Walikaa kwenye mkeka, wakatoa pole ya mwaka, wakasifu chai. Mama yako aliwajua kabla hawajamaliza kikombe.

"Mama," Barnaba akasema, "kiti cha mwalimu kiko wazi, uchaguzi mdogo unakuja. Watu wanamtaka Dativa. Kazi ya marehemu isife."

"Kazi ya marehemu, au marehemu wa pili?"

"Ah, mama, usiseme hivyo. Safari hii tutamlinda."

"Utamlinda na nini, Barnaba? Na baiskeli?"

Wakatazama chai. Mama yako akawaambia anayo haja moja. Atoke mmoja wao, mmoja tu, aende kwa mkubwa wa polisi akaseme: siku ile ilikuwa foleni, na mimi nilikuwemo. Haimfufui mtu. Aseme tu. Akishasema, waje kuongea habari za Dativa. Balbina alianza kufungua mdomo, Barnaba akamkanyaga mguu, mama akaona. Waliaga kwa adabu. Mpaka leo tunapoandika, hakuna aliyekwenda.

Mama yako akafikiri amemwokoa mtoto aliyebaki. Jumapili, wakitoka kanisani, Dativa akamwambia njiani, "Mama, nimekubali kugombea."

Mama alisimama pale pale, watu wanampita. "Umewaona walivyokimbia. Wewe mwenyewe ulikuwepo!"

"Ndiyo, mama. Kaka alikwenda akidhani watabaki. Mimi nakwenda nikijua watakimbia."

"Na kujua kutakukaushia sakafu ya mahabusu?"

Dativa akamshika mama mkono wakavuka barabara. Mama yako amebembeleza, amelia, amenuna mpaka amechoka. Mtoto hasikii, amechukua kwako. Kama una lolote la kumwambia huko uliko, Alfonsi, mwambie wewe. Mama ameshindwa.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, mlio Ifakara na mlio ng'ambo, mama yake Alfonsi hawaombi kura. Pigeni mnavyotaka, zile za kaka yake pia mlipiga. Anawaonya jambo moja. Mkimtuma mtu kuja kumwita mtoto huyu, mjue mnamwita kutoka kwa mama. Na askari akishuka kwenye gari akawauliza mnangoja nini, msiangalie mbuzi, msiinue mabeseni. Simameni hapo hapo mlipo nyuma yake mjibu. Kama hamwezi, msimwite. Vukeni wenyewe.

Wanaokukumbuka: mama yako Febronia, mkeo Domitila na watoto wenu, Joachim na Sikitu, mdogo wako Dativa, wajomba na mashangazi wa Ifakara na Kiberege. Marafiki zako wa Kivukoni hatukuwaandika. Atakayekwenda kusema alikuwepo, jina lake tutaliongeza.

Siku zote za uhai wetu hatutakusahau, Alfonsi.